Sahihi ya Fundi na Roho za Watu

Katika mwambao huu wa Ziwa Viktoria, kutoka Kisumu kwenda Siaya na kuzunguka Homa Bay hata Migori, ni nadra ipite Jumamosi ya mazishi ya mtu mashuhuri bila ya kusikika, kabla sala hazijakwisha, mngurumo kutoka upande wa maji. Na hapo watoto huchomoka chini ya mahema wakakimbilia uwanja wa shule, akina mama wakashika vilemba vyao, na vumbi jekundu likapanda juu ya migomba kisha likatua katika masinia ya chakula. Nilihudhuria mazishi ya namna hiyo huko Siaya, nikaketi safu ya nyuma karibu na ua wa shule. Na helikopta ilipotua, na mgeni wake akashuka na kupokewa kwa vigelegele, umati wote ulimfuata mgeni kwa macho, ila mimi macho yangu yalibaki kwa rubani. Alikuwa mtu wa makamo, mtulivu. Alikizunguka chombo chake polepole, akainama chini ya mkia, akapitisha kidole katika mshono wa bati, akakiinua kidole kile juani na kukitazama kwa muda, kisha akakipangusa kwa kitambaa, akaenda kuketi kivulini.

Labda lilikuwa vumbi tupu, labda lilikuwa tone la mafuta. Swali lililonijia siku ile, ambalo halijanitoka mpaka leo, si swali la alichokiona, bali ni hili: je, alikiandika?

Helikopta ni chombo ambacho abiria wake hana njia ya kukijua. Aliyepanda mashua huona maji yakiingia miguuni pake akapiga ukelele. Aliyepanda matatu husikia breki zikikwaruza akashuka kituo kinachofuata. Bali yeye aketiye ndani ya helikopta huona rangi inayong'aa, kiti safi na mkanda mpya, ilhali vyote vilivyobeba uhai wake, yaani meno ya gia, beringi, mirija ya mafuta, na mhimili wa chuma unaoishika rafadha juu ya kichwa chake, vimesitirika kama moyo ulivyositirika kifuani. Jicho lake la pekee ni daftari la matengenezo, ambalo hajapata kuliona, lililotiwa sahihi na fundi ambaye hatamjua kamwe. Kwa hiyo rai yangu, ambayo naitoa kwa uzito wote nilio nao, ni kwamba mstari ulioachwa wazi katika daftari hilo, au uliotiwa sahihi ilhali kazi haikutimizwa, usihesabiwe tena kuwa ni uzembe wa karani; ni ushahidi wa uongo juu ya roho za watu, na dola inayoyaacha madaftari hayo yafungiwe kabatini hata baada ya maiti kuzikwa inashiriki katika dhambi hiyo.

Sisi wa ziwani si wageni wa mambo ya ndege. Tangu mwaka 1931, ndege za maji za kampuni ya Imperial Airways zilipoanza kuteremka juu ya Ghuba ya Winam na kuifanya Kisumu kituo katika njia ya kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika, wazee wetu walizoea kuona chombo kikitoka mawinguni. Na leo kiwanja chetu cha kimataifa kiko pale pale kando ya maji, ndege zikipita juu ya mitumbwi ya wavuvi asubuhi na jioni. Wala misiba yake si migeni kwetu. Jumapili ya tarehe 10 Juni 2012, miaka minne kamili baada ya ajali ya ndege ndogo iliyowaua Waziri Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, helikopta ya polisi aina ya AS350 ilipaa kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Ndhiwa, nyumbani kwa Waziri Msaidizi Joshua Orwa Ojode. Ikaanguka katika msitu wa Kibiku, Ngong, na kumuua yeye, na Waziri Profesa George Saitoti, na marubani wawili, na walinzi wawili. Tarehe 20 Juni 2021 helikopta iliyokuwa imemshusha Raila Odinga katika Shule ya Msingi ya Kudho, huko Gem, ilianguka papo hapo, na kwa rehema za Mungu waliokuwamo wakaokoka. Kisha, tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi aina ya Huey, iliyopaa kutoka uwanja wa shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi, ilianguka Sindar katika Elgeyo Marakwet, na katika watu 12 waliokuwamo wakafa kumi, akiwamo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Omondi Ogolla. Naye siku tatu baadaye akazikwa kwao Ng'iya, Alego, bila ya jeneza, kama alivyousia.

Sisemi kwamba ajali hizi zilitokana na taksiri ya fundi yeyote, wala simruhusu msomaji anisemee hivyo. Ukungu huua, uchovu huua, nguzo ya umeme isiyoonekana jioni huua, na chombo kilichotengenezwa kwa uaminifu wote huweza kuvunjika kwa aibu ya chuma iliyofichika tangu kiwandani. Nisemalo ni jambo lingine, tena ni jambo lisilohitaji kumtuhumu mtu: katika ajali mbili kubwa kati ya hizo, mwenye chombo alikuwa dola, na sheria ya mataifa humwachia dola mlango ambao haimwachii mfanyabiashara. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ulio msingi wa kanuni zote za usafiri wa anga duniani, unasema katika ibara yake ya tatu kwamba hauzihusu ndege za jeshi, za forodha na za polisi. Helikopta ya kukodi ikianguka, kanuni za mkataba huo zinataka uchunguzi ufanywe si kwa kumtafuta wa kulaumiwa bali kwa kuzuia ajali nyingine, na ripoti itolewe hadharani, ikiwezekana ndani ya miezi 12, na ikishindikana itolewe taarifa kila mwaka unapotimia. Helikopta ya polisi ilipoanguka, ilibidi Rais aunde tume maalumu chini ya Jaji Kalpana Rawal ndipo wananchi wapate kusikia ushahidi. Na ya jeshi ilipoanguka, jeshi ndilo lililojichunguza. Hivyo aliyekuwa na madaftari ndiye aliyeyasoma.

Basi yafaa tujue ni nini kilichomo katika madaftari hayo. Vipuri vingi vikubwa vya helikopta vina umri wake, uliohesabiwa kwa saa za kuruka au kwa idadi ya safari, na umri huo ukitimia hutolewa vikatupwa au vikafanyiwa ukarabati kamili, hata kama vinaonekana vizima. Kila baada ya saa kadhaa zilizowekwa na mtengenezaji, chombo hufunguliwa na kukaguliwa. Kila kasoro aionayo rubani huandikwa, na chini yake fundi huandika jibu lake: alichokikuta, alichokifanya, tarehe, nambari ya leseni, na sahihi. Kazi zinazogusa usukani hukaguliwa tena na mtu wa pili ambaye hakuifanya ile ya kwanza, kwa kuwa jicho la mtu huipenda kazi ya mkono wake. Na mtengenezaji aliye ng'ambo akigundua hatari, hupeleka waraka kwa kila mwenye chombo cha namna ile, kwamba fungueni hapa, pimeni hapa, badilisheni hiki kabla ya saa fulani. Ukiutazama utaratibu huu wote utaona kwamba umejengwa juu ya dhana moja, nayo ni uaminifu wa kalamu. Saa za kuruka zisipoandikwa zote, ukaguzi husogezwa mbele bila ya mtu kujua. Kasoro ikisemwa kwa mdomo badala ya kuandikwa, rubani wa kesho hurithi chombo cha jana. Kazi ikianzwa na fundi wa usiku na kuachiwa fundi wa asubuhi bila ya mstari mmoja wa maelezo, boliti moja hubaki imekazwa kwa vidole tu.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini peke yake. Tarehe 25 Machi 2009, huko Uskoti, mafundi wa kampuni iliyowabeba wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini walikuta, katika ukaguzi wa helikopta aina ya Super Puma, chembe ya chuma imeganda juu ya sumaku ndani ya sanduku la gia. Sumaku ile huwekwa mahali pale kwa makusudi, kwa sababu chuma kinachoanza kuchakaa hudondosha unga kabla ya kuvunjika, na chembe moja ni kama mgonjwa anayekohoa usiku. Wakampelekea habari mtengenezaji, simu zikapigwa na barua pepe zikaandikwa. Lakini upande huu ulifahamu hivi na upande ule ulifahamu vile, na kazi iliyopasa kufuata, ya kulifungua sanduku na kuzitazama sumaku nyingine za ndani, haikufanywa. Chombo kikarudi angani. Kikaruka saa 36 zaidi, na tarehe 1 Aprili, kikiwa njiani kurudi pwani, sanduku la gia likapasuka, rafadha ikang'oka, na watu 16 wakafa baharini.

Nawaomba wasomaji watulie juu ya kisa hiki, maana ndani yake hamna mwizi wala mlevi. Mafundi wale waliiona dalili, wakashituka, wakauliza. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya kazi. Na katika chombo kinachoning'inia juu ya rafadha moja, nusu ya matengenezo si matengenezo. Tena nami nimeyajua haya yote, tarehe kwa tarehe na saa kwa saa, nikiwa hapa Kisumu, kwa sababu moja tu: wachunguzi wa Uingereza waliiandika ripoti yao wakaitoa hadharani, aisome atakaye. Mjane wa Aberdeen, huko Uskoti, anaijua gia iliyomuulia mumewe. Mjane wa mwambao huu aghalabu huambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, akafunga kanga kiunoni na kwenda kupika chakula cha wageni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hivyo ndivyo walivyotuusia wahenga. Lakini insafu inataka tuulize ni kwa nini maradhi hufichwa, kabla hatujamwandama fundi. Fundi wa helikopta hulipwa na mwenye helikopta, na helikopta iliyolala hangani haina ujira. Mwenye helikopta naye husimamiwa na mteja, na mteja katika nchi yetu mara nyingi ni mheshimiwa ambaye ana mazishi matatu na mkutano mmoja kabla jua halijatua, na hataki kusikia habari za sumaku. Amri ya kukiuka kanuni haitolewi waziwazi. Hutolewa kwa kutazama saa ya mkononi. Rubani anayesema chombo hakitaruka leo hujua kwamba yuko mwingine atakayekubali, na fundi anayeandika kasoro katika daftari hujua kwamba ameandika pia, kwa mkono wake mwenyewe, sababu ya kutoitwa kazini mwezi ujao. Katika hali hiyo ukimya si tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni kodi anayotozwa kila mtu apate kula. Na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utakapotukaribia, na helikopta zikashuka katika viwanja vya shule zetu kama nzige, kodi hiyo itapanda.

Yuko atakayenijibu kwamba nchi yetu haina uwezo wa ukaguzi mkali kiasi hicho. Namkumbusha habari moja. Mwezi wa Februari 2017 Marekani iliipandisha Kenya katika daraja la kwanza la usalama wa anga, baada ya kuikagua Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, yaani KCAA, na kuridhika kwamba sheria, wakaguzi na madaftari yake yametimiza kanuni za kimataifa. Na tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Kenya Airways ikapaa Nairobi ikatua New York bila ya kugusa ardhi njiani. Jambo lile lilichukua miaka ya jitihada, na lilikuwa fahari ya haki. Walakini hoja iliyomo ndani yake ni nzito kuliko fahari: ikiwa dola iliweza kuyanyoosha madaftari yake ili Mmarekani akubali kuipokea ndege yetu, basi haikosi uwezo wa kuyanyoosha kwa ajili ya chombo kiendacho Ndhiwa. Huenda inakosa tu mtu wa kuisukuma, kwa kuwa Ndhiwa haina ubalozi.

Yuko pia atakayesema kwamba vyombo vya polisi na vya jeshi ni siri za ulinzi. Siri ya vita naiheshimu. Mahali pa kambi, silaha, njia za doria, hayo yote na yafichwe. Lakini tarehe ya kubadilishwa beringi si siri ya vita, na adui hapati faida yoyote akijua kwamba chombo kilichombeba Mkuu wa Majeshi kilikaguliwa siku fulani na fundi mwenye leseni fulani. Anayepata faida kwa habari hiyo ni askari atakayepanda chombo kama kile kesho.

Na ieleweke kwamba sizichukii helikopta. Anayekaa kisiwani Mfangano au Remba, na mkewe ameshikwa na uchungu usiku ilhali ziwa limechafuka na mashua haziwezi kutoka, hana haja ya kuelezwa thamani ya chombo kinachoweza kutua katika kiwanja kidogo kama ua wa shule. Natamani siku ambayo chombo hicho kitakuwa cha wagonjwa wa visiwani kuliko kuwa cha wasemaji wa mazishini. Lakini siku hiyo haitakuwa neema iwapo tutamtoa mama yule katika hatari aionayo na kumtia katika hatari asiyoiona.

Kwa hiyo nadai, mosi, kwamba Bunge liiondoe kinga ya madaftari ya vyombo vya dola: kila helikopta ya serikali inayobeba watu nje ya uwanja wa vita ikaguliwe kwa kanuni zile zile zinazomfunga mfanyabiashara, na ikianguka ichunguzwe na watu wasiokula mshahara wa mwenye chombo. Pili, Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege iwajibishwe kisheria kutoa ripoti ya kila ajali ndani ya miezi 12, na isipoweza, waziri asimame Bungeni kila mwaka siku hiyo aeleze kwa nini. Na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo wafiwa wanaisoma. Tatu, fundi au rubani anayeripoti kasoro kwa nia njema alindwe na sheria dhidi ya kufukuzwa, na adhabu imwangukie anayemshurutisha kunyamaza, hata awe mheshimiwa wa cheo gani. Maana mkosaji anayejisema hutupa nafasi ya kuokoa, na anayejificha hutunyima. La nne halihitaji Bunge: sisi tunaokodi. Kamati ya mazishi inayochanga fedha za kumleta mgeni kwa helikopta, na chama kinachokodi vyombo kumi kwa msimu wa kampeni, kabla ya kuuliza bei na waulize cheti cha ustahiki wa kuruka na ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwenye chombo aliye mwaminifu atauonyesha kwa furaha, na asiyeuonyesha atakuwa ametujibu.

Pale Dunga, kusini ya mji wetu, yuko mzee atiaye mashua kalafati. Nimemwona mara nyingi akiwa amepiga magoti kando ya mashua iliyopinduliwa mchangani, nyundo mkono mmoja na patasi mkono wa pili, akishindilia pamba katika mwanya baina ya ubao na ubao, mwanya mmoja baada ya mwingine, bila ya kuruka hata ule ulio mkavu. Anapomaliza hapokei ujira siku ile. Huitia mashua majini, huingia yeye mwenyewe pamoja na mwenye mashua, wakapiga makasia mpaka ufuo uwe mbali, na huko huinama na kupitisha kiganja juu ya kila mshono kuanzia omo mpaka tezi. Hana leseni wala daftari. Ana roho yake tu, naye huiweka ndani ya chombo alichokiziba kabla ya kumruhusu mvuvi aweke ya kwake.

Fundi wa helikopta hatuwezi kumdai apande kila chombo anachokitia sahihi. Ndiyo sababu sahihi yake ikawekwa mahali pa roho yake, na ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kuikubali ikiwa nusu. Rubani yule wa Siaya aliondoka na mgeni wake jioni ile, chombo kikazunguka juu ya shule mara moja kikashika njia ya ziwani, na watoto wakabaki uwanjani wakikipungia mikono mpaka kikawa nukta. Walifika salama. Kilichokuwa katika kidole chake kilibaki katika kitambaa, na mahali pake palikuwa daftarini.